Dakika 35: historia fupi ya mashine darasani

Nilikuwa nimepotea kidogo, na sababu ya kupotea kwangu ndiyo hadithi ya leo.

Mwaka jana mimi na wenzangu wawili tuliandika programu ya mazoezi ya hesabu kwa watoto wa gredi ya 5. Tuliionea fahari sana. Ilikuwa na rangi za kuvutia, nyota za kumtuza mtoto akipata jibu, na ukurasa wa mwalimu wenye chati za kila aina. Tukaipeleka katika shule moja pembeni mwa Nairobi iliyokuwa imepewa tabuleti 20 na wafadhili. Darasa lilikuwa na watoto 46. Mwalimu, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, alitukaribisha, akatuachia ubao, akaketi nyuma.

Kugawa tabuleti kulichukua dakika 6. Tabuleti 3 hazikuwa na chaji. Kisha kila mtoto alitakiwa aandike jina lake na nywila, na nywila zenyewe, kwa ujanja wetu wa chuo kikuu, tulikuwa tumezipa herufi kubwa, herufi ndogo na tarakimu. Mtandao nao ukaanza kusuasua. Tulipofika swali la kwanza, dakika 17 zilikuwa zimekwisha kwenda. Kengele ikalia tukiwa swali la 4.

Mwalimu hakutukemea, na heri angetukemea. Alisema tu, "Vijana wangu, asanteni. Lakini kipindi changu ni dakika 35, na leo nilikuwa nifundishe visehemu."

Nilirudi nyumbani na aibu yangu, nikaanza kusoma. Nilitaka kujua waliotutangulia walifanyaje. Chuoni nilisoma miaka minne ya sayansi ya tarakilishi na sikumbuki somo hata moja lililotueleza historia ya mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya darasa. Kumbe ni historia ndefu, na sehemu moja yake nzuri sana ilifanyika hapa hapa kwetu bila tarakilishi yoyote. Nitafika huko.

Tuanze na Illinois, Marekani. Mwaka 1960 mhandisi aitwaye Donald Bitzer, aliyekuwa na umri wa miaka 26 (mdogo kuniliko mimi leo!), aliunda mfumo wa kufundishia uliopewa jina la PLATO. Uliendeshwa na tarakilishi ya chuo kikuu iliyoitwa ILLIAC I, dude la valvu lililojaza chumba, na ulihudumia mwanafunzi mmoja tu kwa wakati. Mwaka uliofuata wakawa wawili. Usicheke. Kuwafanya watu wawili watumie mashine moja kwa pamoja, kila mmoja akidhani ni yake peke yake, lilikuwa jambo gumu mno wakati huo.

Kinachonifurahisha kuhusu PLATO ni jinsi mahitaji ya darasa yalivyozaa uvumbuzi ambao leo tunauona wa kawaida. Bitzer alihitaji skrini ya kuonyesha michoro, lakini kumbukumbu ya tarakilishi ilikuwa ghali kupindukia, na skrini za kawaida zilitaka picha ihifadhiwe mahali na kuchorwa upya kila mara. Basi mwaka 1964 yeye, Gene Slottow na mwanafunzi wao Robert Willson wakabuni paneli ya plasma, skrini bapa ambayo kila nukta yake ikishawashwa hubaki imewaka bila kukumbushwa. Runinga za plasma zilizokuja kupamba sebule za watu miaka ya 2000 zina asili yake hapo. Toleo la mwaka 1972, PLATO IV, lilikuwa na skrini ya nukta 512 kwa 512, zenye rangi ya chungwa, na mtoto aliweza kujibu kwa kuigusa kwa kidole. Mwaka 1972!

Lakini kwangu mimi mwandika programu, jambo kubwa zaidi ni TUTOR. Hii ni lugha ya programu iliyobuniwa mwaka 1967 na Paul Tenczar, aliyekuwa akisomea zoolojia. Aliona kwamba masomo ya PLATO yalikuwa yakiandikwa na wahandisi kwa niaba ya walimu, na kila badiliko dogo likamlazimu mwalimu amtafute mhandisi. Lugha yake ilikusudiwa mwalimu aandike somo mwenyewe: weka maneno haya hapa, uliza swali hili, jibu likiwa hivi sema hivi, likiwa vile sema vile. Tena ilijua kwamba binadamu hajibu kama mashine. Mwalimu aliweza kuorodhesha maneno ya kupuuzwa, ili mtoto akiandika "ni pembetatu" au "hiyo ni pembetatu" yote yahesabiwe sawa, na mfumo uliweza kutambua neno lililokosewa herufi badala ya kulikataa kabisa. Programu yetu, zaidi ya miaka 50 baadaye, ilimpa mtoto sifuri kwa sababu aliacha nafasi baada ya nambari. Nimeshairekebisha, msinipige mawe.

PLATO ilifika hadi vituo karibu 1,000 vilivyounganishwa, ikazaa pia mambo ambayo hayakuwa kwenye mpango. Mwaka 1973 vijana waliokuwa wakiufanyia kazi waliandika baraza la majadiliano na chumba cha kuzungumzia moja kwa moja, miaka mingi kabla wengi wetu hatujasikia neno intaneti. Kampuni ya Control Data iliununua mfumo huo ili kuuza, na hata bara letu ukafika: Chuo Kikuu cha Western Cape huko Afrika Kusini kilikuwa nao. Tatizo lilikuwa bei. Terminali moja iligharimu maelfu ya dola, na nyuma yake kulikuwa na tarakilishi kuu na nyaya za simu za kulipia kila mwezi. Tathmini iliyofanywa na Educational Testing Service mwishoni mwa miaka ya 1970 ilikuta kwamba wanafunzi na walimu wa vyuo waliipenda, ila matokeo yao ya mitihani hayakutofautiana sana na ya wenzao. Katika hesabu za shule za msingi hali ilikuwa nzuri zaidi. Kumbuka hilo, "waliipenda ila matokeo hayakutofautiana sana", maana tutakutana nalo tena.

Wakati Bitzer anajenga mashine ya kumfundisha mtoto, kulikuwa na Mwafrika aliyetaka mambo yawe kinyume, mtoto ndiye aifundishe mashine. Seymour Papert alizaliwa Pretoria mwaka 1928, akapinga ubaguzi wa rangi, akaondoka kwenda kusoma Uingereza, akafanya kazi na mwanasaikolojia Jean Piaget huko Geneva, kisha akaenda MIT, Marekani. Mwaka 1967 yeye, Wally Feurzeig na Cynthia Solomon waliunda lugha ya Logo. Baadaye kidogo ikapata mnyama wake maarufu, kobe. Mwanzoni alikuwa roboti wa kutambaa sakafuni akiwa na kalamu, kisha akahamia kwenye skrini.

Kwa Kiswahili tungemwambia: MBELE 100, KULIA 90. Rudia mara nne, umepata mraba. Sasa mwambie mtoto achore pembetatu yenye pande sawa. Karibu kila mtoto ataandika KULIA 60, kwa sababu amefundishwa kwamba pembe zake ni nyuzi 60. Kobe anachora kitu cha ajabu kisichofunga. Mtoto anakuna kichwa, anasimama, anatembea mwenyewe kama kobe, anagundua kwamba anayegeuka hugeuka kwa pembe ya nje, nyuzi 120. Hapo hakuna aliyemwambia "umekosa". Papert aliyaeleza haya katika kitabu chake Mindstorms cha mwaka 1980. Miaka miwili baadaye, yeye na Nicholas Negroponte walishiriki katika mradi wa serikali ya Ufaransa uliopeleka tarakilishi za Apple II kwa watoto wa shule katika kitongoji cha Dakar, Senegali. Watoto wanaotumia Scratch siku hizi, lugha ya vipande iliyotoka MIT mwaka 2007, wanamtumia mjukuu wa kobe yule.

Sitakaa sana kwa BBC Micro, ingawa inastahili makala yake. Kwa ufupi, mwishoni mwa 1981 shirika la utangazaji la Uingereza lilitoa tarakilishi iliyobeba jina lake, iliyotengenezwa na kampuni ndogo ya Acorn mjini Cambridge, pamoja na vipindi vya runinga vya kuwafundisha watu kuitumia. Serikali ililipa nusu ya bei kwa shule. Zaidi ya milioni 1 ziliuzwa. Wahandisi wake wawili, Sophie Wilson na Steve Furber, wakaendelea na kubuni kichakataji kipya kilichofanya kazi mara ya kwanza mwaka 1985 na kuitwa ARM. Kwa hiyo ile rununu iliyo mfukoni mwako, ukiichimba ukoo wake, babu yake alikuwa mashine ya darasani.

Haya, sasa tuje nyumbani.

Miaka hiyo hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Taasisi ya Elimu ya Kenya (KIE, ambayo tangu 2013 inaitwa KICD) ilishirikiana na Wamarekani katika mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika darasa la 1 hadi la 3. Redio ya shule yenyewe haikuwa kitu kipya kwetu. Upya ulikuwa katika namna. Kwa kawaida kipindi cha redio humwambia mtoto "sikiliza". Hiki kilimwambia "jibu". Sauti inauliza swali, inanyamaza kwa sekunde kadhaa, darasa zima linajibu kwa kelele, kisha sauti inasema jibu sahihi na kusonga mbele. Kila siku, nusu saa. Mbinu hiyo ilikuwa imejaribiwa kwanza Nikaragua katikati ya miaka ya 1970, kwa somo la hesabu, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford.

Fikiria jambo hili kama mhandisi. Redio haiwasikii watoto. Haijui kama wamejibu sawa, wamejibu kombo, au wametoka nje kucheza mpira. Ni mawasiliano ya upande mmoja tu. Hata hivyo ukiingia darasani ungedhani wanaongea nayo. Siri ilikuwa ule ukimya. Ukiwa mfupi mno, watoto wazito wanaachwa. Ukiwa mrefu mno, darasa linapoa na kelele za kwingine zinaanza. Unapimwaje? Kwa kwenda kuketi darasani. Waandaaji waliwaweka watu nyuma ya madarasa na vipindi vya majaribio, wakatazama watoto wanajibu wapi na wananyamaza wapi, wakarudi studio kurekebisha. Mimi nilikuwa na kila chombo cha kupimia programu yangu isipokuwa hicho, kiti nyuma ya darasa.

Na kulikuwa na jambo zito nyuma yake. Kwa sera ya lugha ya nchi, mtoto wa kijijini husoma kwa lugha ya eneo lake katika madarasa ya chini, kisha afikapo la 4 masomo yanageuka kuwa kwa Kiingereza. Asiyekielewa hapo anapotea katika kila somo: hesabu, sayansi, yote. Kwa mtoto ambaye mwalimu wake mwenyewe hakuwa na mazoea ya kuongea lugha hiyo, redio ya betri mezani ilikuwa msaada wa kweli. Majaribio yaliyofanywa yalionyesha watoto waliosoma kwa redio wakiwapita wenzao katika kusikiliza na kusoma Kiingereza.

Mwalimu hakuondolewa. Alikuwa na mwongozo wake unaomwambia kipindi cha leo kinataka nini ubaoni, na redio ikimaliza anaendelea mwenyewe. Kuanza kulichukua muda gani? Kubonyeza swichi. Hakukuwa na nywila.

Huzuni ni kwamba fedha za mradi zilipokwisha, namna ile ya kufundisha haikupata makao ya kudumu katika shule zetu. Lesotho ilichukua vipindi vya Kenya, ikavirekebisha kwa watoto wake, ikaendelea navyo. Sisi tuliobuni tukabaki na makabrasha. Hapo ninapochomeka kidogo ni kwamba kila mwaka naalikwa kwenye mikutano ya teknolojia ya elimu mjini Nairobi, na sijawahi kumsikia hata mtu mmoja akiutaja mradi huo.

(Kuhusu redio, kuna kisa kingine kidogo. Martin Dougiamas, aliyetoa Moodle mwaka 2002, mfumo ambao wengi wenu mmeutumia kupokea kazi za chuo, alikulia katika jangwa la Australia Magharibi na alisoma kwa redio ya mawimbi mafupi, kwa sababu shule ilikuwa mbali mno.)

Mwaka 2005 Negroponte, yule yule wa Dakar, alitangaza kwamba atatengeneza kipakatalishi cha dola 100 kwa kila mtoto wa dunia maskini. Novemba ya mwaka huo alikionyesha mjini Tunis akiwa na Kofi Annan, kikiwa na mkono wa kuzungusha ili kuzalisha umeme. Mkono ukang'oka mbele ya kamera. Mashine halisi ilipoanza kutengenezwa kwa wingi mwishoni mwa 2007, mkono haukuwepo, na bei ilikuwa karibu mara mbili ya iliyoahidiwa. Sitaki kuibeza. Skrini yake ilisomeka juani, ilistahimili vumbi, na ndani yake alikuwemo kobe wa Papert. Majirani zetu wa Rwanda walianza kuzipokea mwaka 2008 na hatimaye wakapata zaidi ya 200,000. Peru ilinunua nyingi kuliko wote. Huko Peru wachumi walilinganisha shule zilizopata na zisizopata, zaidi ya shule 300, na mwaka 2012 wakachapisha kwamba alama za hesabu na lugha hazikuongezeka. Watoto walizipenda ila matokeo hayakutofautiana. Nilikwambia tutakutana nalo.

Na mwaka uliofuata, 2013, sisi tukaahidiwa kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la 1.

Wengi mnakumbuka yaliyofuata. Zabuni ilifutwa mwaka 2014. Mpango ukabadilika, vipakatalishi vikawa tabuleti, na mwaka 2016 vifaa vikaanza kufika, kwanza shule 150 za majaribio. Mwishowe vilifika zaidi ya milioni 1, katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000. Kwa haki, lililofanyika kimya kimya kabla ya tabuleti lilikuwa kubwa kuliko tabuleti zenyewe, maana maelfu ya shule ziliunganishwa umeme kwa mara ya kwanza. Na kifurushi chenyewe kilipangwa kwa akili: tabuleti za watoto, vifaa viwili vya walimu, projekta, na seva ndogo yenye ruta ya kusambaza masomo darasani bila intaneti. Mtu fulani alikuwa amelifikiria tatizo la mtandao, ambalo sisi hatukulifikiria.

Lililobaki nje ya kifurushi ni lile lililobaki nje huko Peru pia. Nani anachaji tabuleti 50 usiku katika chumba chenye soketi moja? Ikiibwa moja, nani analipa? Mwalimu mkuu anayejua atawajibika yeye hufanya ambalo mimi pia ningefanya, anaweka kufuli. Nimeingia katika stoo za shule nikakuta visanduku vimepangwa vizuri, nailoni haijatolewa. Walimu walipewa mafunzo, ndiyo, lakini ya siku chache, na mwalimu aliyefunzwa akihamishwa anahama na ujuzi wake.

Wenzetu wa sekta binafsi nao walijaribu. Mwaka 2015 kampuni ya BRCK ya Nairobi ilitoa sanduku gumu la magurudumu lenye tabuleti 40 ambazo hujichaji zikirudishwa mahali pake, bila nyaya 40. Huyo alikuwa ameketi nyuma ya darasa. Eneza Education ilienda njia nyingine, ikaacha skrini kubwa na kutuma maswali ya masomo kwa ujumbe mfupi, kwa simu yoyote ya kabambe. Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, tofauti ikaonekana wazi. Tabuleti zilikuwa zimefungiwa shuleni. Watoto walikuwa nyumbani. Waliowafikia walikuwa ni ujumbe mfupi, runinga na, naam, redio. KICD ilirudisha masomo hewani na mama zetu wakatafuta betri.

Sasa nirudi kwa yule mwalimu. Nilimpigia simu nikamwomba ruhusa niketi darasani kwake wiki moja bila tabuleti, nitazame tu. Alicheka, akasema, "Njoo, lakini utasahihisha vitabu." Nilisahihisha vitabu 46 kila siku kwa siku 5. Hapo ndipo nilipojua kwamba chati zetu nzuri zilikuwa za nani: zilikuwa za wafadhili. Alichotaka yeye ni kujua kabla kipindi hakijaisha ni watoto gani 6 au 7 hawajaelewa visehemu, ili awaite mbele.

Toleo jipya halina nywila. Mtoto anagusa picha ya mnyama aliyepewa. Halihitaji intaneti, watoto wawili wanatumia tabuleti moja, na mwalimu anaona ukurasa mmoja wenye majina ya wanaohitaji msaada, basi. Tulipolijaribu wiki iliyopita, swali la kwanza lilikuja dakika ya 5. Bado ni nyingi mno. Dakika 3 kati ya hizo ni za kugawa na kuwasha.

Tunarudi muhula ujao. Mwalimu amenipa orodha ya marekebisho 11, na chini yake ameandika nilete ekstensheni ndefu ya umeme, kwa sababu soketi ya darasa iko nyuma ya kabati.